Ningu Kwenye Kalavati la Nne

Mvua za vuli zilipoanza kunyesha kule milimani, Nyabise Masatu aliteremka ngazi za tuta akiwa na ndoo, wavu mdogo na kisanduku cha vifaa vyake, akaingia majini chini ya kalavati la nne. Maji yalikuwa yakitoka kwa kishindo kwenye mdomo uliokuwa usawa wa kifua chake. Mwaka alioliotesha tuta lile, mdomo huo ulikuwa sawa na sakafu ya mto, na mtu aliweza kuingia upande wa ziwani akatokea upande wa milimani bila kuinama.

Dimbwi lilikuwa limejaa ningu. Samaki hao, weusi mgongoni, wenye midomo minene ya kukwangulia mawe, walikuwa wametulia na wote wameelekea kule maji yanakotoka. Kila baada ya kitambo mmoja alijirusha. Alifika nusu ya kimo, akagonga saruji kwa ubavu, akaanguka. Mwingine akafuata.

Nyabise alimkinga jike mmoja kwa wavu. Tumbo lake lilikuwa gumu kwa mayai. Akamlaza kwenye ndoo yenye maji ya dawa, akamwingizia kwa sindano, chini ya pezi la mgongo, kifaa kidogo kuliko punje ya mtama, cha kupeleka mapigo ya moyo wake. Kisha akavaa bangili ya mpira na kuiwasha. Bangili ikaanza kumgonga kwenye mshipa wa mkono, taratibu, kwa sababu samaki alikuwa bado ana usingizi. Alipomrudisha majini, mapigo yakaongeza kasi, na alipojirusha kwa mara ya kwanza yakaenda mbio hata Nyabise akakamata mkono wake kwa mkono wa pili.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya mwisho pale Nyarusendi. Ofisi ya mkoa ilitaka kujua kwa nini ningu wanaadimika ziwani. Akishaandika jibu angelikabidhi tuta na kurudi Tukuyu, kwa mumewe Ambakisye na binti yao Tusekile, ambaye alimwacha akiwa mchanga na sasa alikuwa anasoma darasa la tatu.

Jibu alilijua kabla ya jioni. Aliweka kiganja kwenye ukingo wa kalavati, akausikia una joto na unasukuma, kama unga uliotiwa hamira. Tuta lilikuwa hai. Ndani ya saruji yake waliishi vijidudu ambao Nyabise aliwalisha chokaa na molasi, na popote ufa ulipotokea waliuziba wenyewe. Maji yalipojaa upande wa milimani, walihisi uzito wake, wakavimbisha midomo ya makalavati ili mto upite kidogo kidogo na nyumba za huku chini zipone. Mvua zilipokatika, midomo ilinywea. Lakini haikunywea yote. Kila msimu iliacha tabaka jipya sakafuni, na maji yaliyobanwa yakazidi kuchimba shimo upande wa chini.

Kwa hiyo mvua iliyokuwa inawaita ningu wapande ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa inaliambia tuta lijifunge. Na hata samaki aliyebahatika kurukia ndani alikutana na mkondo wa kasi katika bomba laini lisilo na jiwe hata moja la kujibanza apumzike. Alipigana mpaka nguvu zikamwisha, kisha mto ukamtema.

Alikaa pale hadi nguo zikamkaukia mwilini. Bangili haikupumzika.

*

Mtu wa kwanza kumuuliza kuhusu samaki wale alikuwa Mzee Magoti. Nyumba yake ilikuwa ya kwanza chini ya tuta, mkabala na kalavati la nne. Kabla ya tuta, mto ulipovunja kingo, maji yaliingia katika nyumba hiyo hiyo na kuwachukua watoto wake wawili, Kasoga na Nyangeta. Yeye na mkewe walikuwa sokoni. Mkewe alifariki baadaye, na watu wa Nyarusendi walisema ni huzuni. Magoti alijenga upya palepale. Alipoulizwa kwa nini hahami, alijibu kwamba watoto wakirudi watamtafuta hapo, na watu wakaacha kumuuliza.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mama Tusekile. Hivi kila siku unakuja kuwatazama wakianguka?"

"Natazama mmoja tu. Huyu hapa." Alivua bangili, akampa.

Magoti aliivaa kwa kusitasita. Chini yao jike alikuwa amepumzika, kisha akajirusha. Nyabise aliona uso wa mzee ukibadilika. Magoti aliendelea kuishika bangili kwa vidole, kichwa kikiwa kimeinama upande mmoja, kama mtu anayesikiliza mtoto anayelia nyumba ya tatu.

"Anataka kwenda wapi?"

"Juu, kwenye majani yanayofunikwa na mafuriko, penye changarawe. Ndiko alikozaliwa. Mayai yake hayawezi kutagwa mahali pengine."

"Asipofika?"

"Mayai yatayeyuka tumboni. Atarudi ziwani mtupu, na masika atajaribu tena, kama hajavuliwa."

Magoti alivua bangili, akamrudishia.

"Mke wangu alikuwa anawatega hawa kwa migono," alisema. "Kasoga alikuwa hali samaki mwingine." Halafu akaondoka bila kuaga.

Wiki zilizofuata mapigo yalipungua. Jike alijirusha mara chache, kisha akabaki chini ya dimbwi. Siku moja Nyabise akiwa anapika, bangili ilianza kufifia, maana samaki alikuwa anateremka. Alizima jiko na kutoka nje mkono ukiwa juu, kana kwamba kuuinua kungesaidia. Mapigo yakawa membamba, yakakatika. Jike alikuwa amepita kona ya pili ya mto, ambako bangili haifiki, akirudi ziwani na mayai yake.

Jioni hiyo alimpigia Ambakisye simu.

"Kuna nini?" Ambakisye aliuliza.

"Nimewakumbuka tu."

"Sisi je? Tuse amekuwekea viazi vya bustani yake. Anasema asivile mtu mpaka uje. Vinaanza kuota."

*

Kulikuwa na njia ya kuwapitisha samaki, na Nyabise alikuwa ameijua tangu siku aliyoweka kiganja kwenye ukingo. Saruji hai haichongeki. Ukiikata leo, baada ya muda mfupi imejiziba. Ili kalavati la nne libaki wazi, ilibidi sehemu ile ya tuta iuawe. Ingekuwa saruji ya kawaida, yenye kuchakaa na kupasuka, na isiyojua mafuriko yanapokuja. Mahali pa akili ya tuta pangekaa lango la mbao, na mtu wa kulifunga.

Aliiandikia ofisi ya mkoa, nayo ikajibu kwamba uamuzi ni wa wanaolala chini ya tuta. Mwenyekiti wa kijiji, Bi Nyafuru, akaitisha mkutano uwanja wa shule.

Nyabise hakupamba maneno. Aliwaeleza kwamba mto wao ndio wa mwisho ambao ningu bado wanaukumbuka. Mingine yote imefungwa. Aliwaeleza pia kwamba lango la mkono ni hatari kuliko ukuta unaojifunga wenyewe. Mtu anaweza kusinzia. Mtu anaweza kuugua.

"Mtaalamu," mama mmoja alimuuliza, "wewe ungekuwa na mtoto analala pale chini, ungekubali?"

Nyabise alifikiri. "Sijui," alisema. "Nadhani ningekataa."

Watu walinung'unika, wengine kwa kumheshimu na wengine kwa kukata tamaa. Bi Nyafuru akasema maneno yamesikika, lakini hakuna mkono utakaoinuliwa kabla Mzee Magoti hajasema lolote, kwa kuwa maji yakipita yatapita kwake kwanza. Wote wakageuka. Magoti aliomba apewe muda. Mkutano ukaahirishwa.

Alikuja kwa Nyabise asubuhi ya siku nyingine, akakataa kiti.

"Nimefikiri," alisema. "Ukuta huu nimeushukuru miaka yote. Mvua ikinyesha nalala. Kabla yake nilikuwa silali. Sasa unaniambia niache kulala tena kwa ajili ya samaki."

"Sikwambii, Mzee. Ninakuuliza."

"Ndiyo, umeniuliza. Ndiyo maana nimekuja." Alitazama chini. "Nyumba iliyo jirani yangu ni tupu. Kama utahamia pale wewe mwenyewe, vuli na masika, siyo mwaka huu tu, nitakubali. Kama utatuachia lango halafu ulale mbali mahali pakavu, sikubali."

"Mpaka lini?"

"Mpaka watu wa hapa wawe wamelijua hilo lango kama wanavyojua milango yao. Mimi nitalishika pamoja na wewe. Lakini nataka, maji yakija, na wewe uwe na cha kupoteza."

Nyabise aliona ombi lile ni la haki, na kwa sababu lilikuwa la haki lilimwumiza. Vitu vyake vilikuwa vimeshafungwa. Alimwomba Magoti siku ya kufikiri, akampigia Ambakisye simu na kumweleza kila kitu, tangu jike la ningu hadi nyumba tupu.

Ambakisye alikuwa muuguzi wa zamu, mtu mpole asiyependa kugombana kwenye simu.

"Unaniomba ruhusa au unaniarifu?"

"Nakuomba."

"Nikikataa utakuja?"

"Nitakuja."

"Utakuja, lakini utakuwa unatazama mkono wako." Alipumua. "Mama yangu siwezi kumwacha, la sivyo tungekuja sisi. Kaa, Nyabise. Ila usiniambie nisikasirike. Nimekasirika."

"Sikwambii."

"Basi."

Baada ya simu kukatika aliendelea kuishika sikioni.

*

Magoti alikubali mbele ya mkutano, mikono ikainuliwa, na kiangazi walilichoma kalavati la nne. Sumu isingefaa, kwa sababu ingewafikia samaki. Nyabise alilibembeleza tuta kwanza, akalilisha molasi nyingi upande ule hadi mdomo wa juu ukajifunga kabisa na ndani pakakauka. Kisha akaingia na mtungi wa gesi na bomba la moto, akapitisha ndimi za moto sakafuni, ukutani na darini. Saruji ilikuwa ya rangi ya maziwa. Ilipokufa ikawa ya kijivu. Ilitoa harufu ya mkate ulioungua, na Nyabise, aliyeikuza tangu ikiwa uji kwenye ndoo, alilazimika kutoka nje mara kadhaa.

Baada ya hapo kazi ikawa ya watu wote. Walivunja kizibo cha mdomo wa juu na tabaka za sakafu kwa nyundo na mtaimbo mpaka mdomo ukashuka. Walibeba mawe ya mto na kuyapanga ndani kwa kupishana, ili nyuma ya kila jiwe pawe na maji yaliyotulia ambapo samaki angeweza kupumzika kabla ya kusonga mbele. Upande wa chini walijenga vidimbwi vya ngazi, kimoja juu ya kingine, kila kimoja kikiwa na kimo ambacho hata ningu aliyechoka angekiruka. Upande wa juu waliweka lango la mbao za mninga lenye usukani wa chuma wa kulipandisha na kulishusha. Bi Nyafuru mwenyewe alipaka alama nyekundu kwenye nguzo. Maji yakigusa nyekundu, lango linafungwa. Hakuna majadiliano.

Nyabise alihamia nyumba tupu. Usiku alimsikia Magoti akikohoa ng'ambo ya ua, na bila shaka Magoti naye alimsikia yeye.

*

Masika yalikuja na nguvu. Ningu walifika siku ya pili ya mvua, na Nyabise akiwa anafua nguo mchana, bangili aliyoivaa miezi yote ikiwa kimya ilimgonga kidogo, ikaacha, ikagonga tena.

Aliacha nguo kwenye beseni, akapanda tuta mbio. Magoti alikuwa tayari kwenye usukani, amevaa koti la plastiki.

"Yupo," Nyabise alisema. "Amerudi."

"Yule yule?"

"Yule yule."

Maji yalikuwa mekundu kwa udongo, samaki hawakuonekana. Lakini kwenye bangili alimfuata akikaribia. Mapigo yalikuwa ya nguvu, ya kupumzika, halafu ya mbio: kidimbwi cha kwanza. Yakatulia. Mbio tena: cha pili. Nyabise aligundua kwamba alikuwa anashusha pumzi kila samaki aliposhusha. Mvua ilizidi. Alitazama nguzo.

"Bado kiganja kizima," Magoti alisema bila kuulizwa.

Jike aliingia kalavatini. Nyabise alijua kwa sababu mapigo yaligeuka kuwa mtetemo, kisha yakatulia nyuma ya jiwe, kisha mtetemo tena. Huko ndani, chini ya miguu yao, alikuwa anatoka jiwe hadi jiwe. Mto ulipanda. Shina la mti lilipita likizunguka.

"Vidole viwili," Magoti alisema.

"Amefika katikati."

"Nakusikia."

Hakuugusa usukani. Alikuwa anatazama alama kwa macho makali, maji yakimchuruzika usoni, na Nyabise aliona kwamba mzee anampa samaki kila nafasi iliyokuwepo, hadi mwisho wake. Nyuma yao, chini, ilikuwa nyumba ya Magoti, na yake, na mapaa mengine yote, na moshi wa majiko ya mchana. Bangili ilikuwa inapiga. Alitamani maji yasimame. Hakuwahi kutamani kitu kiasi kile tangu siku alipopanda basi la kuondoka Tukuyu na Tusekile akiwa mgongoni kwa bibi yake.

Maji yakagusa nyekundu.

Magoti alimgeukia. Mikono yake ilikuwa kwenye usukani lakini haikuzunguka, na Nyabise akaelewa kwamba anamwachia yeye alitamke neno lile.

"Funga, Mzee."

Waliuzungusha pamoja. Lango lilishuka likilia, likakaa. Kalavati likaanza kukauka, na mkondo wa mwisho uliokuwa ndani ukateremka na kila kilichokuwamo. Mapigo yalipanda hadi hayahesabiki. Halafu bangili ikanyamaza.

Nyabise aliketi kwenye tope juu ya tuta. Magoti alisimama karibu naye, kisha akavua koti lake akamfunika mabegani.

*

Mto ulishuka chini ya alama siku iliyofuata. Walifungua lango kidogo, halafu lote. Kabla ya adhuhuri maji ya juu yalikuwa yameanza kupungua udongo, na Bi Nyafuru, aliyekuja kukagua nguzo, ndiye aliyeona kwanza.

"Njooni muone huku," aliita.

Upande wa milimani, mahali ambapo hapakuwa na ningu kwa miaka kadhaa, migongo myeusi ilikuwa inapita kwenye majani yaliyofunikwa na maji. Walitoka kalavatini mmoja mmoja, kisha kwa makundi, wakatulia kidogo kwenye maji mapana, na kuendelea. Watu walikuja kutazama. Mama aliyemuuliza Nyabise lile swali mkutanoni alikuwa amembeba mtoto wake, akimwonyesha kwa kidole. Mzee Magoti aliingia majini hadi magotini na kusimama, na samaki wakampita huku na huku.

Nyabise alitembea kandokando ya mto hadi jioni, mkono mbele. Bangili haikugonga. Huenda jike alipondwa kwenye mawe wakati lango linashuka. Huenda kifaa ndicho kilichopondwa, na mwenyewe alipita asubuhi kati ya wale wote, au alikuwa amekwisha kutoka upande wa juu kabla mbao hazijagusa sakafu. Hapakuwa na njia ya kujua.

Alipofika nyumbani simu ilikuwa inaita. Alikuwa Tusekile, ambaye baba yake alikuwa amemsimulia.

"Mama, yule samaki wako amefika?"

"Sijui, mwanangu. Wenzake wamefika. Wengi."

"Yeye je?"

"Yeye sijui."

Nyabise alisikia kuku wa Tukuyu, na mlango, na Ambakisye akimwambia mtu ashushe ndoo.

"Na wewe utafika lini?"

"Mvua zikikatika."

"Huku leo zimekatika."

Nyabise alitaka kumtajia mwezi, siku, hata kama angekosea. Lakini matone yalikuwa yameanza tena kwenye bati, makubwa, machache, na nje alisikia hatua za Mzee Magoti zikivuka ua kuelekea kwenye tuta.

"Huku bado, Tuse," alisema. "Huku bado zinanyesha. Usikate simu, niambie habari za viazi."

Akaiweka simu kati ya sikio na bega, akachukua koti, akatoka akimsikiliza.